Kucheka mji ukiwa umebomolewa: jibu kwa mwalimu wa Kigoma

Swali: "Mimi ni mwalimu wa fasihi katika sekondari moja ya Kigoma. Mwezi uliopita niliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha sita filamu ya zamani ya Kimarekani, To Be or Not to Be ya mwaka 1942, nikiwatafsiria mazungumzo kadiri yalivyokwenda. Darasa lilicheka sana. Tulipofika pale kanali wa Kijerumani anapofurahia jina lake la utani la kambi za mateso, kijana mmoja ambaye wazazi wake walikimbia vita ng'ambo ya ziwa aliinuka akatoka. Baadaye aliniambia, 'Mwalimu, vita si kitu cha kuchekea.' Tangu siku hiyo sina raha. Nimesoma pia kwamba hata ilipotoka ililaumiwa kwa jambo hilohilo. Je, mwongozaji alikosea? Na mimi je?"

Mwalimu, nianze na huyo kijana wako, kwa sababu naamini yeye ndiye aliyeisikia filamu hiyo vizuri kuliko wenzake wote. Kicheko cha yule kanali ni kicheko cha muuaji. Ernst Lubitsch alikiweka pale akijua ni cha muuaji, na alitaka kimchome mtu. Kijana wako kilimchoma. Wenzake walikuwa bado wanacheka kwa kasi waliyotoka nayo kwenye tukio lililotangulia. Ngoja nikueleze kwa nini nasema mwongozaji hakukosea, kisha nirudi kwako.

Nimeifundisha filamu hii kwa miaka mingi, na kila mara nataka wanafunzi wajue kwanza ni nani aliyekuwa nyuma ya kamera. Lubitsch alizaliwa Berlin Januari 1892, mtoto wa fundi cherehani Myahudi. Ujanani alikuwa mwigizaji katika kundi la Max Reinhardt, mwongozaji mashuhuri wa tamthilia, hapohapo Berlin, akipewa sehemu ndogondogo. Mwishoni mwa 1922 akahamia Marekani, akajipatia jina Hollywood kwa vichekesho vya mapenzi vya werevu mwingi, ambavyo jambo kubwa husemwa kwa mlango uliofungwa au kofia iliyosahauliwa kitandani. Wanazi walimvua uraia wa Ujerumani mwaka 1935, na mwaka uliofuata akawa raia wa Marekani. Mwaka 1940 walipotengeneza filamu yao ya chuki, Der ewige Jude, waliitia na sura yake humo kuwa mfano wa Myahudi anayestahili kuchukiwa.

Huyo ndiye mtu ambaye baadaye aliambiwa na mhakiki mmoja wa gazeti la Philadelphia, ambaye hakuacha kutaja kwamba mwongozaji ni mzaliwa wa Berlin, kwamba anatafuta raha katika kupigwa mabomu kwa Warsaw. Bosley Crowther wa The New York Times naye aliiona filamu kuwa ya watu wenye moyo mkavu. Kwa hiyo kijana wako yumo katika kundi la watu wazito, ila yeye ana sababu iliyo bora kuliko zao.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajaitazama, hadithi ni hii. Ni Agosti 1939. Kundi la waigizaji wa Warsaw linafanya mazoezi ya mchezo wa kuwakejeli Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Serikali ya Poland inaupiga marufuku, isije ikamuudhi Hitler. Wanarudi kwenye Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, ambamo Joseph Tura, mwigizaji mkuu mwenye majivuno ya kumtosha yeye na ukoo wake, kila akianza ile kauli maarufu ya "kuwa au kutokuwa" anamwona luteni kijana wa jeshi la anga akiinuka kwenye kiti na kutoka ukumbini. Anadhani ni dharau kwa sanaa yake. Kumbe mkewe Maria ndiye aliyempa rubani huyo maneno hayo kuwa ishara ya kuja chumba chake cha kuvalia, kwa kuwa kauli ile ni ndefu na mume atakuwa jukwaani. Kisha vita vinaingia na mji unabomolewa. Profesa Siletsky, jasusi wa Wajerumani aliyejifanya mzalendo kule London, anarudi Warsaw na majina yatakayowaua watu wa upinzani wa chinichini. Kumzuia, waigizaji wale wanatoa stoo yale mavazi ya Gestapo waliyokatazwa kuyatumia, wanayavaa, wanaingia nayo mjini. Zamani mtu akisahau maneno alizomewa, sasa akiyasahau anauawa.

Ndani ya mpango huo ndipo palipo na sentensi iliyowaudhi watu wa 1942 kuliko zote. Tura, akiwa amejigeuza Siletsky, anakaa mbele ya Kanali Ehrhardt, mkuu wa Gestapo wa kweli. Kwa majivuno yake hawezi kujizuia: anamuuliza kanali kama amewahi kumsikia yule mwigizaji mkuu, Joseph Tura. Kanali anasema naam, aliwahi kumwona kabla ya vita, na alichomfanyia Shakespeare ndicho sisi tunachoifanyia Poland sasa.

Wenzake Lubitsch walimsihi aikate sentensi hiyo. Akakataa, na mimi namuunga mkono moja kwa moja. Itazame inavyofanya kazi. Anayeisema ni mshindi aliyekaa kwenye ofisi yenye joto, anayejua kwamba anaiharibu nchi, na analijua hilo vizuri hata anaweza kulitumia kumchambua mwigizaji. Anakiri uhalifu wake kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Mbele yake amekaa Mpolandi ambaye nchi yake ndiyo inayotajwa, lakini kwa sekunde moja kinachomuuma zaidi ni kwamba Hamlet wake amedharauliwa. Wote wawili wanaumbuliwa kwa pumzi moja, mmoja kwa unyama na mwingine kwa udhaifu ambao sote tunao. Watu waliouawa Warsaw hawaguswi na utani huo hata kidogo.

Lubitsch alijitetea kwa maandishi Machi ile ya 1942, na utetezi wake unafaa usomwe darasani. Alieleza kwamba Wanazi wake hawabebi viboko kama wale wa filamu nyingine za wakati huo, kwa sababu kwao kutesa kumekwisha kuwa kazi ya kila siku. Wanazungumzia kutesa kama muuza duka anavyozungumzia mkoba aliouza asubuhi, na utani wao umejengwa juu ya kambi za mateso na maumivu ya waliomo. Alisema pia kwamba amechoshwa na mapishi mawili yaliyozoeleka, ya simanzi yenye kichekesho kidogo cha kupumzisha watu na ya kichekesho chenye simanzi kidogo ya kupumzisha watu. Yeye aliamua kutengeneza filamu isiyompumzisha mtu yeyote wakati wowote.

Sasa turudi kwenye utani uliomtoa kijana wako nje, kwa sababu unatokea mara mbili na mpangilio wake ndio ufunguo. Mara ya kwanza anayeusema si Mjerumani. Ni Tura, aliyevaa sare ya Ehrhardt bandia, akijaribu kumchelewesha Siletsky wa kweli. Siletsky anamwambia kwamba huko London amekuwa mashuhuri, wanamwita Ehrhardt wa Kambi za Mateso. Tura hana la kujibu. Mswada haupo, maneno yamemwishia, basi anacheka kwa nguvu na kusema: "Kumbe wananiita Ehrhardt wa Kambi za Mateso!" Dakika inapita, anarudia. Anarudia tena. Tunacheka kwa sababu tunamwona mwigizaji anayezama, na sisi tunajua kwamba akizama ameuawa.

Baadaye mambo yanageuka. Tura sasa amevaa ndevu za Siletsky na yuko mbele ya Ehrhardt wa kweli. Anamtupia habari ileile ya London. Na kanali, huyu wa kweli mwenye mamlaka ya kweli juu ya roho za watu, anacheka kicheko kilekile na kusema maneno yaleyale. Tura anamjibu kwa utulivu kwamba alijua atalipokea hivyo. Hapo darasa lako lilicheka, na hata mimi hucheka kila mara. Lakini tazama kilichothibitishwa. Uigizaji mbovu wa Tura ulikuwa sahihi. Mkuu wa Gestapo ni mtu wa maneno matatu na kicheko kimoja. Mwigizaji wa daraja la kati akiishiwa na maneno anampatia barabara. Na anachokifurahia ni kambi. Anaona fahari kama mtu aliyesikia timu yake imetajwa redioni.

Kijana wako alipata uchungu mahali hasa palipotegwa uchungu. Kama wangecheka wote mpaka mwisho bila mmoja wao kusita, ningekuwa na wasiwasi zaidi.

Tukio lingine ambalo ningetaka uwaonyeshe polepole ni la ndevu, ingawa linaweza kuonekana la kishenzi ukilisimulia tu. Maiti ya Siletsky wa kweli imegunduliwa. Ehrhardt anamwita Tura, ambaye bado hajui kwamba amekwisha kugunduliwa, na kumwingiza kwenye chumba ambamo maiti imeketishwa kitini. Mlango unafungwa. Wanamwacha Tura humo na mtu ambaye yeye Tura amejigeuza, wakisubiri nje moyo wake uvunjike. Tura anatazama huku na huku. Anaona wembe. Mfukoni ana jozi ya akiba ya ndevu bandia, maana mwigizaji mzoefu hatoki nyumbani bila akiba. Basi anamnyoa maiti na kumbandika zile za bandia. Kisha anamwita kanali, anajifanya ameudhika, na kwa maneno yake anamsukuma mpaka kanali mwenyewe anamvuta yule marehemu ndevu. Zinabaki mkononi. Ehrhardt, mkuu wa dola ya hofu, anabaki anaomba radhi kwa jasusi bandia akiwa ameshika manyoya ya gundi.

Mkono wa Tura hautetemeki mpaka kazi iishe. Nimelitazama tukio hilo mara nyingi na bado linanikaba koo, kwa kuwa linaonyesha ufundi wa jukwaani, ule wa kupaka wanja na kubandika masharubu, ukiwa ndio silaha pekee iliyobaki kwa watu waliokuwa dhaifu kuliko wote. Poland ilikuwa na jeshi na likashindwa katika wiki chache za Septemba 1939. Kundi hili lina sanduku la mavazi.

Lakini jibu langu kwa kijana wako halimo kwa Tura wala kwa kanali. Limo kwa Greenberg.

Greenberg ni mwigizaji mdogo wa kundi lile, mtu wa kubeba mkuki kwenye Hamlet na kusimama nyuma. Anayemwigiza ni Felix Bressart, Myahudi aliyekuwa na jina kubwa katika filamu za Ujerumani mpaka 1933 alipolazimika kukimbia. Ndoto ya Greenberg ni moja tu: siku moja aigize Shylock, yule mkopeshaji Myahudi katika tamthilia ya Shakespeare ambayo wewe na wanafunzi wako mnayo kwa Kiswahili, Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Unaikumbuka kauli yenyewe, pale Shylock anapouliza kama Myahudi hana macho. Nikiitoa kwa maneno yangu: ukituchoma, hatutoki damu? Ukitutekenya, hatucheki? Ukitupa sumu, hatufi? Na ukitudhulumu, hatutalipiza kisasi?

Lubitsch anatupa kauli hiyo mara tatu. Mara ya kwanza ni nyuma ya jukwaa, kabla ya vita. Greenberg ameshika mkuki wake, anamsomea Bronski, mbeba mkuki mwenzake, na kwa furaha anasema Shakespeare bila shaka alimfikiria yeye alipoyaandika. Hapo ni kichekesho, mtu mdogo mwenye tamaa kubwa, nasi tunatabasamu. Mara ya pili ni baada ya mabomu. Warsaw ni kifusi, kuna theluji, na wale wale wawili wako mtaani. Anayasema tena, taratibu, na hakuna wa kumcheka. Ni sekunde chache tu.

Mara ya tatu ndipo anapoipata sehemu aliyoiota maisha yake yote. Hitler wa kweli amekuja ukumbini kutazama mchezo. Waigizaji wamevaa kama walinzi wake na wanahitaji vurugu ya kuwafunika wakitoroka. Greenberg ndiye atakayeifanya. Anatokea ghafla mbele ya askari wa kweli wenye bunduki za kweli, wanamkamata, na anapoulizwa anachokitaka anaitoa kauli ya Shylock mpaka mwisho. Hakuna pazia, hakuna taa ya jukwaani. Sasa kila neno ni swali ambalo linadaiwa jibu na watu waliomzunguka. Bressart anayasema bila kupaza sauti sana, na uso wake unakuwa wa mtu aliyechoka kusubiri.

Kuna neno moja limeondolewa. Shakespeare aliandika Myahudi. Greenberg anasema sisi. Wengine wanamlaumu Lubitsch kwa hilo, wakisema Hollywood iliogopa kuwataja Wayahudi kwa jina lao hata katika filamu inayowahusu. Lawama hiyo ina ukweli kuhusu Hollywood ya siku zile. Hata hivyo, mimi nikimsikia Bressart, nasikia pia kwamba kauli imefunguliwa mlango, kila aliyewahi kufukuzwa kwao anaweza kuingia humo akasimama kando ya Greenberg. Kijana wako pia.

Na utazame lile swali la pili katika orodha ya Shylock. Liko katikati ya damu na sumu, na ni swali la kucheka. Shakespeare aliweka kicheko pamoja na kutokwa damu na kufa kuwa dalili za kuwa mtu. Lubitsch angeweza kuchagua kauli yoyote duniani kuwa moyo wa kichekesho chake cha vita, akachagua hiyo.

Mwalimu, wanafunzi wako wajue na tarehe, kwa sababu zinabadilisha jinsi tunavyosikia. Filamu ilipigwa Novemba na Desemba 1941. Japani ilishambulia Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani, tarehe 7 Desemba kazi ikiendelea. Tarehe 20 Januari 1942, huko Wannsee nje ya Berlin, maofisa wa Kinazi walikaa mezani kuratibu maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 19 Februari. Julai ya mwaka huohuo walianza kuwatoa Wayahudi wa Warsaw kwa treni kwenda Treblinka, kambi ya mauaji. Kwa hiyo neno kambi, Lubitsch alipolitumia, lilibeba mateso, njaa na vifo, lakini halikuwa limebeba yale tunayoyajua sisi. Charlie Chaplin, ambaye naye alimkejeli Hitler mwaka 1940 katika The Great Dictator, aliandika baadaye katika kumbukumbu za maisha yake kwamba angejua unyama halisi wa kambi zile asingeweza kuitengeneza filamu yake. Namheshimu kwa kuusema ukweli huo. Lakini kati ya filamu hizo mbili, ya Lubitsch ndiyo inayostahimili zaidi leo. Chaplin anamaliza kwa hotuba ndefu inayomgeukia mtazamaji. Lubitsch anamwachia Greenberg aulize, na hampi jibu.

Kulikuwa pia na msiba ndani ya filamu yenyewe, ambao watu wa 1942 waliingia nao ukumbini. Carole Lombard, aliyemwigiza Maria, alikwenda Indianapolis katika jimbo alikozaliwa kuuza hati za dhamana za vita, na kwa siku moja akakusanya zaidi ya dola milioni 2. Alipokuwa akirudi, tarehe 16 Januari 1942, ndege ilijigonga mlimani karibu na Las Vegas. Alikuwa na miaka 33. Mama yake alikuwa naye, na ndani mlikuwa na askari wa anga 15. Wote 22 walikufa. Wiki tano baadaye watazamaji walimwona kwenye pazia akiwa mzima, mrembo, mwepesi wa ulimi kuliko kila mtu chumbani. Kuna sentensi moja ya Maria kuhusu ndege ambayo iliondolewa kwa sababu hiyo. Sehemu ya ubaridi wa mapokezi ilitokana na hilo, nami siwezi kuwalaumu watu waliolia badala ya kucheka.

Na kuna baba yake Jack Benny, ambaye kisa chake ningempa kijana wako kabla ya maneno yangu mengine yote. Benny, aliyemwigiza Tura, jina lake la kuzaliwa ni Benjamin Kubelsky. Baba yake, Meyer, alikuwa Myahudi mhamiaji kutoka Poland. Alikwenda kutazama filamu ya mwanawe, na mara tu alipomwona jukwaani amevaa sare ya Kinazi, akainuka akatoka. Hakutaka hata kuzungumza naye. Mwana alimbembeleza arudi aitazame mpaka mwisho, aone sare ile ilivaliwa kwa kazi gani. Mzee akarudi. Akaipenda, akawa anairudia na kuirudia. Benny alisimulia kwamba aliitazama mara zaidi ya arubaini.

Baba huyo hakuwa mjinga wa sanaa alipotoka mara ya kwanza. Alikuwa mzazi ambaye sare ile kwake haikuwa vazi la mchezo. Alikuwa na haki ya kutoka, na hakuna aliyemfungia mlango aliporudi.

Hapo ndipo ninapokujibu na wewe. Kuionyesha hukukosea. Ningekushauri tu usiingie nayo darasani kwa kuwaahidi kichekesho, hasa Kigoma, ambako kila dawati la tatu lina mtoto mwenye hadithi ya kuvuka. Waambie mwanzoni kwamba ni filamu ya watu walionyang'anywa mji wao, iliyotengenezwa na watu ambao wengi wao walikuwa wakimbizi wenyewe. Waambie nani ni nani: Lubitsch aliyevuliwa uraia, Bressart aliyekimbia, hata Melchior Lengyel, Mhungaria aliyetoa kisa. Na waambie jambo moja la karibu na nyumbani. Mwaka uleule wa 1942, Wapolandi walianza kuletwa Afrika Mashariki, wengi wao wanawake na watoto. Hawa walikuwa wamekimbia upande wa pili wa janga hilohilo, kwani Wasovieti nao waliivamia Poland kutoka mashariki tarehe 17 Septemba 1939 na kuwapeleka maelfu Siberia na Kazakhstan. Walipitia Iran, wakafika Masindi na Koja kule Uganda, na Tengeru karibu na Arusha, ambako kambi ilikuwa na watu wapatao 5,000. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo. Kwa hiyo watu wa nchi inayoigizwa kwenye filamu hiyo waliwahi kuwa wakimbizi kwenye ardhi ya Tanganyika, wakalala kwenye vibanda vya duara, watoto wao wakasoma shule wakisubiri vita viishe. Sijui mwanafunzi wa Kigoma ambaye jambo hilo halitamfanya aketi wima.

Usimlazimishe kijana kutazama tena. Mwambie kisa cha mzee Kubelsky na umwachie. Akitaka kurudi, usianzie mwanzo, ambapo Hitler bandia amesimama peke yake mtaani Warsaw na watu wamemzunguka wakishangaa, ingawa ni mwanzo mzuri kupita kiasi. Anzeni na Shylock. Chukua Mabepari wa Venisi kabatini, mpe mwanafunzi yeyote aliye tayari aisome ile kauli kwa sauti, kwa Kiswahili cha Nyerere, bila haraka. Kisha washa projekta pale Greenberg na Bronski walipo kwenye theluji, uzime taa, na usiwatafsirie chochote.